Chujio na Mvua ya Bondeni

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake na marehemu, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi asubuhi hii, familia imemteua binti wa mdogo wake marehemu kuisoma historia hii, na inawaomba radhi mapema kwamba itakuwa ndefu kidogo, kwa sababu ndani yake wamo watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kusomewa ya kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, katika zahanati ya mji mdogo uliojengwa kwenye mteremko, ambao mto unaupita kwa chini, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba fundi wa kuezeka mabati na mama mpishi wa shule ya msingi. Wanaoikumbuka nyumba ile wanasema ilikuwa nyumba pekee mtaani ambamo mvua ilishangiliwa, maana kila iliponyesha, baba aliamkiwa na watu wenye ndoo sebuleni mwao, ila paa la nyumba yake mwenyewe lilivuja miaka nenda miaka rudi, na mama alipomkumbusha, alimjibu kwamba mganga hajigangi, akachukua ngazi yake akaenda kwa wenye kulipa. Marehemu alikuwa mtoto wa kuuliza mawingu yanakwenda wapi yakishapita, swali ambalo mama yake alilijibu kwa kumpa ungo wa mchele achambue.

Mdogo wake aliyemfuata, na huyu ndiye mtu wa pili katika historia hii, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1966, katika zahanati ileile, naye hakupenda kalamu hata kidogo, alipenda usukani, na kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akipita mtaani anapiga honi kwa mdomo, watu wakamwita Honi, jina ambalo lilimshika mpaka kwenye leseni ya udereva nusura liandikwe. Baada yake akazaliwa kitinda mimba, ambaye ndiye baba yetu mdogo, mliyemwona akiwapokea pale mlangoni.

Marehemu alisoma shule ya msingi aliyopikia mama yake, kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, mahali ambapo hakuweza kutoroka hata siku moja kwa kuwa dirisha la jiko lilitazama lango, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1977 hadi 1982, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1983, akahitimu hisabati na fizikia mwaka 1986. Likizo zote hizo alibebewa sanduku na Honi kutoka stendi mpaka nyumbani, na Honi alikuwa akiwaambia watu njiani kwamba sanduku ni zito kwa sababu dada yake amejaza akili humo, maana kichwani zimeshamjaa.

Tarehe 1 Agosti 1987 aliajiriwa katika ofisi ya utabiri wa hali ya hewa, mjini, ghorofa ya tatu, katika chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunguka na meza moja kubwa ambayo ramani zilichorwa juu yake kwa penseli, naye alianza kwa kuchonga penseli za wenzake, kisha akachora, kisha akawa anaulizwa. Mwaka 1991 alipelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu, akarudi mwaka 1994 na shahada, na mwaka huohuo, tarehe 17 Desemba, akafunga ndoa na mpima ardhi aliyekuwa akija ofisini kuuliza kama kesho atoke na vifaa vyake au vikae, na wenzake wanaapa kwamba kuna wiki nzima za kiangazi ambazo mpima ardhi yule aliuliza habari za mvua kila siku. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 5 Juni 1996, ambaye sasa ni mfamasia. Mume wake amependa isemwe hapa kwamba mke wake alijua mvua ya nchi nzima itaangukia wapi, lakini nguo zao zilinyeshewa kwenye kamba miaka yote ya ndoa.

Kwa ajili ya wale kati yetu wasioijua kazi yake, na familia yenyewe ilichukua miaka kuielewa, wenzake wametueleza hivi, kwamba kompyuta ya utabiri, ambayo wao huiita modeli, kwanza hukisia yenyewe hali ya hewa itakavyokuwa saa chache zijazo, halafu vipimo vikija huvitumia kujisahihisha. Vituo vya ardhini vilikuwa vichache na viko mbalimbali, na katikati ya kimoja na kingine modeli ilikuwa ikipapasa kama mtu anayetafuta mlango gizani, mpaka setilaiti zilipoanza kupita juu na kupima joto na unyevu ulioko hewani, hata ndani ya mawingu, hata mahali ambapo hakuna mtu wa kupima. Kuvileta vipimo vile kutoka juu na kuiingizia modeli ya ukanda wetu ndiyo kazi aliyorudi nayo marehemu, na mwaka 1998, modeli hiyo ilipowekwa ofisini, yeye ndiye aliyekabidhiwa mlango ambao vipimo vyote vilipaswa kupitia.

Mwaka 2001 setilaiti moja iliharibika kifaa chake bila mtu kujua, ikaleta namba za uongo, modeli ikaziamini, ofisi ikatangaza dhoruba kubwa, shule zikafungwa, soko likafungwa, na siku ya dhoruba jua likawaka mpaka lami ikalainika. Watu walipita mbele ya lango la ofisi wamefungua miavuli, wakiwaamkia walinzi kwa heshima zote na kuwauliza kama wamelowa. Mkuu wa ofisi aliyechekwa hivyo hakutaka kuchekwa tena, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, akamwagiza marehemu atengeneze kitu cha kuzuia namba za uongo zisiingie, naye akatengeneza programu iliyolinganisha kila kipimo na makisio ya modeli, na kipimo kilichopishana mno na makisio hayo kikatupwa. Hapo ndipo alipoitwa Chujio, jina la utani alilolipenda, na chujio lake lilifanya kazi vizuri, utabiri ukatulia, mkuu akapandishwa cheo, na marehemu akapewa kikombe cha fedha ambacho mume wake alikiweka juu ya friji. Sifa hizo tunazisema kwa sababu zilikuwa za haki. Hakuna mtu ofisini pale, wala popote walipolisoma chujio lile, aliyeona kosa ndani yake.

Honi alikuwa wakati huo ameoa, tangu tarehe 8 Agosti 1992, mke wake akiwa mshonaji, wakaishi mtaa wa chini, ule ulio jirani na mto, wakapata watoto watatu, ambao ni sisi. Alikuwa dereva wa lori la saruji, na alikuwa na desturi ya kumpigia dada yake kabla ya kuondoka, kumuuliza njia, na akipata jibu anapiga honi mara mbili hapo nje, mtaa mzima unajua Honi ameshaambiwa.

Tarehe 23 Aprili 2004, asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha juma zima, si kubwa, ya kulowesha tu, Honi akapiga simu akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, spika ya simu imefunguliwa kwa sababu mkono wa pili haukuwa na nafasi, na mama yetu alikuwa pembeni yake akikunja shuka za mtoto, kwa hiyo alisikia kila neno na hakuna mtu wa kumsimulia vingine. Honi aliuliza apite bondeni au azunguke kwa juu, na marehemu, aliyekuwa na utabiri wa alfajiri mbele yake, akamjibu, "Pita tu bondeni, mvua ya leo haina kitu." Honi akacheka, akasema, "Haya, dada, lakini ukinidanganya nitakuja kunyesha mwenyewe hapo ofisini kwako." Kisha akaondoka, akapiga honi mara mbili.

Mvua iliyoangukia milima ya juu ya bonde kabla ya adhuhuri ile, mfano wake haujawahi kuonekana na yeyote aliye hai, maji yakashuka, daraja likaenda, na lori lilipatikana baada ya siku kadhaa likiwa limejaa mchanga mpaka kwenye usukani. Honi hakupatikana. Alitafutwa mpaka pale mto unapoingia kwenye mto mwingine, akatafutwa na huko, na kwa kuwa hakupatikana, hapakuwa na jeneza, hapakuwa na siku ya kuzika, na historia yake haikusomwa, kwa sababu kila mtu aliyeombwa kuiandika alifika kwenye mstari wa kifo akaiacha kalamu. Leo, kwa idhini ya mama yetu, tunausema mstari huo: Honi alifariki tarehe 23 Aprili 2004, akiwa kazini, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Baba mdogo aliomba sehemu inayofuata isisomwe, akasema mambo ya ndani yabaki ndani, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini mama yetu alijibu neno moja tu, "Isomwe," na mnaomjua mama mnajua kwamba huwa harudii.

Marehemu alikuja nyumbani kwetu siku ya tatu, amevaa viatu visivyofanana bila mwenyewe kujua, akakaa mkekani karibu na wifi yake, na mama akamuuliza mbele ya watu, "Ulijua?" Angeweza kusema kwamba hakujua, na ingekuwa kweli, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini alikuwa ametoka ofisini, alikuwa ameifungua kazi ya siku ile mpaka ndani, ameona kwamba setilaiti ilipita juu ya bonde kabla ya alfajiri na kuuona ule unyevu wote uliorundikana, na kwamba vipimo vile vilifika mpaka mlangoni, vikatofautiana mno na makisio, na ardhi iliyolowa juma zima nayo ikavipa sura ya ajabu, chujio likavitupa vyote. Akamjibu wifi yake, "Mitambo ilijua. Mimi ndiye niliyeiambia isiamini."

Mama hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba asimpigie tena kumwambia habari za mvua, akaingia chumbani, na tangu siku hiyo hakumsemesha wifi yake kwa karibu miaka kumi na tisa.

Marehemu alirudi kazini, na wengi wenu wa ofisini mlimwona jinsi alivyorudi, mtu akiwa ni yeye na si yeye. Mmetusimulia kwamba mvua ikianza kugonga kioo, alinyamaza katikati ya sentensi, hata mbele ya wageni, hata mbele ya waziri, akaenda dirishani akasimama akitazama lango, na haikuwezekana kumrudisha mpaka ikatike. Mmoja wenu alimuuliza siku moja anatazama nini, akasema, "Nasikiliza kama ni yeye." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesubiri mgeni aliyeahidi, na aliyeuliza anakiri kwamba tangu hapo naye, mvua ikinyesha, hulitazama lango. Nyumbani alimwomba mume wake wahame kwenye nyumba ya mabati, wakahamia ghorofani, chini ya zege ambalo halitoi mlio, na huko nako, binti yake anasema, aliketi na kuinua kichwa kila mvua iliponyesha, akiwa wa kwanza kujua, ingawa hakuna kilichosikika.

Hakulivunja chujio, kama wengine walivyotarajia, na mkuu mpya alipomshauri alivunje, alikataa, akasema namba za uongo bado zipo na zitaua watu vilevile. Alichofanya kilimchukua miaka mingi. Aliifundisha modeli jinsi ardhi iliyolowa inavyoonekana kutoka juu, ili isiidhanie kuwa ni kosa la kifaa, na akaligeuza chujio lisitupe tena, bali kipimo cha kushangaza kipewe uzito mdogo, halafu kiangaliwe vipimo jirani vinasemaje, na jirani zake wakisema hivyohivyo, uzito wake uongezwe. Alituelezea siku moja, sisi watoto wa Honi, alipokuja shuleni kututazama kwa siri, kwamba mtoto mmoja akisema ameona nyoka chooni unaweza kumwambia aache uongo, ila watatu wakisema, unachukua fimbo. Wenzake wanatuambia kwamba kwa njia hiyo utabiri wa mvua kubwa katika ukanda wetu uliboreka kuliko ulivyoboreka kwa kompyuta zote mpya walizonunuliwa, na kwamba sasa kuna nchi nyingine zinazofanya hivyo.

Juu ya hayo alianzisha jambo ambalo vijana wa ofisi walilibatiza ibada ya Chujio, yaani kila asubuhi, kabla utabiri wowote haujajadiliwa, alisimama mbele ya ramani akasoma kwa sauti mahali ambapo modeli imekitilia shaka kipimo, mahali kwa mahali, na wote walitakiwa kusikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na waliosinzia, na kulikuwa na mmoja aliyeitikia amina, akatolewa nje. Lakini walipozoea, wanasema, chumba kilikuwa kinabadilika wakati ule, kwa sababu alisoma kama mtu anayeita waliopotea, na baada ya kila mahali alinyamaza kidogo, kana kwamba pana mtu wa kuitika.

Sasa tunafika kwenye simu. Mama yetu hakukubali kuhama mtaa wa chini, kwa sababu hakuna maiti iliyoonekana, na alisema mume wake akirudi atawakuta wapi, akaacha lango la uani, lile la kuingizia lori, bila komeo, mwaka hadi mwaka, likijipiga lenyewe kila upepo ulipovuma, sisi tukiwa vitandani tunasikiliza. Marehemu alijua kwamba tumekaa palepale maji yanapopita. Alimtuma baba mdogo atubembeleze tuhame, akarudishwa, alituma ujumbe wa maandishi, ukafutwa bila kusomwa, ikabaki kupiga, naye alipiga, akijua kwamba hatapokelewa, na hakupiga siku ya sikukuu wala siku ya kuzaliwa mtoto, alipiga siku tu ambazo modeli yake ilionyesha mvua kubwa kwenye milima ya juu ya bonde.

Mara ya kwanza, mwaka 2007, mama aliigeuza simu kifudifudi mezani akaendelea kushona, na jioni ile maji yakapanda mpaka kizingiti. Mara ya pili aliitazama mpaka iliponyamaza, kisha akatuambia tupandishe magodoro juu ya kabati, na tulipouliza kwa nini, akasema kabati halijawahi kuuliza. Mara ya tatu alimwambia fundi viatu wa nyumba ya pili, na fundi viatu, ambaye siri kwake ni kitu cha kuwagawia watu wote sawasawa, akawaambia wengine. Mama akaipa namba ile mlio wake peke yake, mlio wa kengele, na haukupita muda mrefu mtaa wa chini wote ukawa na neno lake, "Wifi kapiga," na likishasemwa hilo, kuku wanafungwa miguu, wazee wanabebwa, watoto wanashikana mikono, watu wanapanda shule ya juu. Kuna mara aliyopiga na mvua haikuja, tukalala sakafuni darasani bure, watu wakacheka wakasema hata wifi hukosea, na alipopiga tena mwezi uliofuata, wote walipanda.

Simu haikupokelewa hata mara moja. Iliita katika nyumba ambayo watu walikuwa wakikimbizana kufunga mizigo, ikaita mpaka ikakatika, na upande wa pili palikuwa na mtu aliyekuwa akisikiliza inavyoita.

Tarehe 11 Novemba 2016 unyevu uliopimwa juu ya bonde ulizidi ule wa mwaka 2004, na chujio halikuutupa. Tangazo la ofisi lilikuwa bado linasubiri sahihi wakati simu yetu ilipoita, ikakatika, ikaita tena, na maji yalipoingia mtaa wa chini, yakafika juu ya madirisha, hapakuwa na mtu ndani ya nyumba hata moja. Ripoti iliyoandikwa baadaye ilisema kwamba wakazi walikuwa wameondoka kwa sababu zisizofahamika. Marehemu aliisoma ripoti hiyo mezani kwake, na mwenzake aliyekaa naye anasema aliiweka chini taratibu akasema, "Wana bahati. Angalau safari hii hakuna aliyeniuliza." Halafu akalia, na hakutaka kushikwa.

Mtauliza kwa nini hatukumwambia. Tulitaka, na dada yetu mkubwa alishika simu kabisa, lakini mama alimzuia akasema maneno ambayo ametutuma tuyaseme leo kama alivyoyasema: "Akijua ametuokoa, atapumzika. Mimi sijapumzika." Basi marehemu alifanya kazi yake ile bora kuliko zote akidhani kwamba ni ya bure, na hilo ndilo linalotunyima usingizi sisi, maana mtu aliyekuwa akisikiliza kila tone alinyimwa sauti moja aliyoihitaji, na aliyemnyima naye alikuwa hana raha, alikuwa akikaa jioni na simu mapajani mwezi mzima wa mvua, akiogopa isilie, na akiogopa ilie.

Marehemu alianza kusumbuliwa na maradhi ya ini mwezi Mei 2022, akatibiwa akiwa anatoka nyumbani, mpaka tarehe 19 Septemba alipolazwa hospitali kuu, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani, kitanda ambacho mume wake aliomba abadilishiwe kwa ajili ya mvua, yeye mwenyewe akakataa. Kutoka pale aliendelea kutumiwa matokeo ya modeli kwenye simu yake, ingawa daktari alikataza, na muuguzi mmoja, ambaye tunamshukuru kwa kutokuwa na macho wakati fulani, alimwacha.

Tarehe 28 Januari 2023, mchana, simu yetu ilitoa mlio wa kengele. Mtaa ulianza kufunga mizigo, magodoro yakapanda, kuku wakafungwa, na watu wakaanza kuondoka, lakini simu haikukatika kama kawaida yake, ikaita, ikaisha, ikaita, ikaisha, ikaita tena, na mama alikuwa tayari ameshafika darasani pale juu, amekaa kwenye dawati la mtoto, ameishika. Sisi tulikuwepo. Alibonyeza akaiweka sikioni. Hakukuwa na salamu, palikuwa na pumzi tu, pumzi ya kukokota, na nyuma yake mvua inagonga kioo. Mama akasema, "Tumeshahama, wifi. Huwa tunahama kila ukipiga." Akasubiri. Pumzi ziliendelea, mvua ikaendelea, kisha simu ikakatika.

Muuguzi ametuambia kwamba alipoingia wodini aliikuta simu iko juu ya mto, karibu na sikio, na marehemu amefumba macho, na hakuweza kutuambia kama alikuwa amelala kabla ya mama kusema au baada. Kuanzia siku hiyo hakuzungumza tena. Mama alisafiri kesho yake, barabara ilipofunguka, akakaa kando ya kitanda kile mpaka mwisho, akiyarudia maneno yaleyale kila alipodhani amefumbua jicho, na hatujui, hakuna anayejua, kama yalimfikia. Marehemu alifariki tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, na mama anasema kabla ya kukata roho aligeuza uso upande wa dirisha, lakini wagonjwa wengi hugeuza uso dirishani, na mama mwenyewe amesema tusilitie maana.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake mmoja, wifi yake, na watoto watatu wa Honi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya pili, waliomhudumia kwa subira mgonjwa ambaye kila asubuhi aliwaambia kama waje na miavuli, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya utabiri, ambao tumeambiwa kwamba ibada ile bado inaendelea na kwamba aliyeitikia amina ndiye anayeisoma siku hizi, inawashukuru majirani wa ghorofani kwake, na kwa namna ya pekee inawashukuru majirani wa mtaa wa chini, mliokodi magari mkaja wote, wengi wenu mkiuona uso wake leo kwa mara ya kwanza. Tunaomba radhi kwa yeyote ambaye hatukumtaja.

Historia kama hii humalizwa na msomaji, kwa niaba ya familia nzima, lakini mama yetu ameomba maneno ya mwisho yasisomwe kwa niaba ya mtu mwingine yeyote, yasomwe kuwa ni yake, aliyomnyima wifi yake kwa miaka yote ile, na msomaji anayasoma kama alivyopewa: Wifi, sasa pumzika. Pumzika kwa amani.